Wazee Wanachelewa Kujibu: Je, Umakini Wao Umeshuka?

Swali

Shikamoo mwalimu. Ninasoma shahada ya uzamili katika saikolojia na utafiti wangu naufanyia Morogoro. Nimewapima vijana 30 wa chuo wenye miaka 19 hadi 25, na wazee 30 wa mtaani wenye miaka 65 hadi 78. Nimetumia kipimo cha Stroop kwenye laptop: jina la rangi linatokea likiwa limeandikwa kwa rangi ileile au rangi nyingine, na mtu anabonyeza kitufe cha rangi anayoiona bila kujali neno linasema nini. Rangi ni nyekundu, kijani, bluu na njano. Neno likilingana na rangi, vijana wanatumia wastani wa milisekunde 650, lisipolingana, 780. Wazee wanatumia 1,000 na 1,200. Je, naweza kuandika kwamba umakini wa wazee umeshuka?

Jibu

Marahaba. Usiandike hivyo bado. Takwimu zako zinaonyesha wazi kwamba wazee uliowapima wanachelewa kujibu kuliko vijana uliowapima. Kuhusu umakini hazijasema kitu, na ukizipigia hesabu ya pili zinaanza kusema kinyume cha unachotaka kuandika. Gawa 780 kwa 650, unapata 1.2. Gawa 1,200 kwa 1,000, unapata 1.2 ileile. Neno lisilolingana limemwongezea kijana asilimia 20 ya muda wake, na mzee limemwongezea asilimia 20 ya muda wake. Milisekunde 200 za mzee zinaonekana nyingi kuliko 130 za kijana kwa sababu mzee ameanzia kwenye 1,000. Uwezo wake wa kulipuuza neno, kwa hesabu hii, ni sawa na wa kijana.

Jambo hili limewasumbua watafiti kwa muda mrefu. Mwaka 1965 mtafiti Brinley alichora grafu yenye muda wa vijana kwenye mhimili wa chini na muda wa wazee kwenye mhimili wa wima, kila kazi nukta moja, na nukta zikajipanga karibu na mstari ulionyooka. Cerella alirudia uchambuzi wa namna hiyo mwaka 1985 kwa kukusanya tafiti nyingi, na Salthouse akaujengea nadharia kamili mwaka 1996: kasi ya jumla ya kuchakata taarifa hupungua kadiri umri unavyosogea, na upungufu huo hujitokeza karibu katika kila kazi inayopimwa kwa saa. Mara nyingi mzee huhitaji muda wa kijana mara moja na nusu hivi, ingawa uwiano hubadilika kulingana na aina ya kazi. Uwiano wako ni 1.54 katika hali zote mbili. Mwaka 1998 Verhaeghen na De Meersman walijumlisha tafiti za Stroop zilizolinganisha umri, wakakuta kwamba ukishaondoa ucheleweshaji huu wa jumla, haubaki udhaifu wa pekee wa wazee katika kipimo hiki.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchambua upya ulichonacho. Badilisha muda wa kila jibu sahihi kuwa logi (logariti), tafuta wastani wa kila mtu kwa kila hali, ndipo utoe hali moja kwenye nyingine. Tofauti ya logi ni uwiano kwa sura nyingine, hivyo ucheleweshaji wa jumla unajifuta wenyewe. Njia ya pili ni ile iliyopendekezwa na Faust, Balota na wenzao mwaka 1999: majibu yote ya mtu mmoja yanageuzwa kuwa alama za z, yaani kila jibu liko mitawanyiko mingapi (standard deviation) kutoka kwenye wastani wake mwenyewe. Fanya zote mbili, uziripoti pamoja na milisekunde za kawaida, hata kama majibu yake yanapingana. Mtafiti anayechagua mizani baada ya kuona matokeo anajidanganya, na msimamizi wako ana haki ya kukukatalia.

Wakati uko kwenye data hizo, angalia mambo mawili ya programu. La kwanza: programu ilimpa mtu muda gani wa kujibu? Kama kikomo kilikuwa milisekunde 1,500, sehemu kubwa ya majibu halali ya wazee wenye wastani wa 1,200 imehesabiwa kuwa makosa au imepotea, na makosa mengi unayowahesabia huenda yametengenezwa na saa. Kikomo kiwe 3,000 au zaidi. La pili ni namna ulivyoondoa majibu yaliyopitiliza. Ukikata majibu marefu kwa kiwango kimoja kwa wote, unawakata wazee zaidi. Kata kwa kiwango cha mtu binafsi, kwa mfano mitawanyiko mitatu juu au chini ya wastani wake katika hali ileile, uandike ni asilimia ngapi ya majibu imeondoka katika kila kundi.

Sasa niseme kuhusu kipimo chenyewe, maana hapa ndipo pana shida kubwa kuliko hesabu. Kwa wazee wa Morogoro, Stroop ya maneno ina matundu matatu: macho, rangi, na kusoma.

Tuanze na macho. Kadiri mtu anavyozeeka, mboni hupungua upana na lenzi huwa nzito na ya manjano. Kwa makadirio ya Weale ya mwaka 1961, mwanga unaofika kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) ya mtu wa miaka 60 ni kama theluthi tu ya ule unaofika kwenye retina ya mtu wa miaka 20. Uwezo wa jicho kujirekebisha kuona karibu huanza kusumbua watu miaka ya 40 na zaidi, na kwa mtu wa miaka 65 umekwisha. Laptop huwekwa kama sentimita 60 kutoka usoni. Miwani ya kusomea ya mzee imetengenezwa kwa kitabu kilichoshikwa sentimita 40 hivi, kwa hiyo hata mzee aliyekuja na miwani yake anaiona skrini yako kwa ukungu. Jicho lisiloweza tena kujirekebisha linahitaji lenzi yenye nguvu ya +2.50 kwa sentimita 40, lakini +1.50 au +1.75 kwa sentimita 60, juu ya miwani yake ya mbali kama anayo. Nunua miwani michache ya bei nafuu ya +1.00 hadi +3.00, uwe nayo mezani, umwache kila mzee achague inayoisafisha skrini kwa umbali uleule wa kipimo. Fanya hivyo kabla ya jaribio la kwanza la mazoezi.

Kisha mpime kuona kwa umbali uleule. Usitumie chati ya herufi kwa mtu ambaye hujui kama anasoma. Tumia chati ya E inayogeuzwa pande nne, mzee anaonyesha kwa vidole upande unakoelekea. E yenye urefu wa milimita 1.75 ikitazamwa kutoka sentimita 60 ni sawa na mstari wa 6/12 wa chati ya kawaida, yaani kuona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 12. Atakayeshindwa hapo hata kwa miwani asiingie kwenye uchambuzi mkuu. Kwa kuona mbali, programu ya simu ya Peek Acuity, ambayo ilijaribiwa Nakuru, Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, inatumia E hiyohiyo na inafaa mtaani kusiko na chumba cha macho. Maandishi ya kipimo chenyewe yawe na urefu usiopungua sentimita 1, ambao kwa umbali huo ni kama digrii moja ya uwanda wa kuona. Yasiyo ya rangi, kama maelekezo, yawe meusi juu ya nyeupe au meupe juu ya nyeusi, kamwe yasiwe kijivu juu ya kijivu: uwezo wa kuona vitu vyenye utofauti mdogo wa mwanga hushuka kwa umri hata kwa mtu anayesoma chati vizuri. Skrini isitazamane na dirisha, na vijana wapimwe katika chumba hichohicho kwa mwanga uleule.

Rangi. Lenzi ya manjano huzuia zaidi mwanga wa mawimbi mafupi, yaani bluu. Kwa wazee wengi, na hasa wenye mtoto wa jicho anayeanza, bluu iliyokolea hukaribia kuwa nyeusi, na bluu na kijani huchanganyika. Wewe umeweka bluu na kijani katika kipimo kimoja na ukahesabu muda. Sehemu ya milisekunde 1,000 za wazee ni muda wa kujiuliza "hii ni bluu au kijani?", na swali hilo ni la jicho. Unaweza kulikagua leo bila kumwita mtu: tenganisha muda na makosa kwa kila rangi. Ikiwa wazee wanachelewa sana kwenye bluu na kijani kuliko nyekundu na njano, umepata jibu lako.

Kusoma ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Stroop inafanya kazi kwa sababu msomaji mzoefu hawezi kujizuia kusoma. Neno linajisoma lenyewe kabla hajaitaja rangi. Mtu asomaye kwa kuunganisha silabi hasumbuliwi hivyo. Anaweza kupata usumbufu mdogo kuliko kijana wa chuo, na mtafiti asiyejua akaandika kwamba mzee huyu ana umakini wa ajabu. Wazee wa kundi lako walikuwa wamepita umri wa kuanza darasa la kwanza kabla ya elimu ya msingi kwa wote kuanza nchini mwaka 1977. Baadhi walisoma shule, wengine walipata kisomo cha watu wazima, wengine hawakupata hata hicho. Umewaweka katika wastani mmoja, halafu ukawalinganisha na wanafunzi wa chuo kikuu. Wastani wa usumbufu wa milisekunde 200 unaweza kuficha watu wenye 350 na watu wenye 50. Chora nukta ya kila mtu uone.

Ndiyo maana kwa awamu ya pili ningekushauri uiache Stroop ya maneno na utumie mishale ya Eriksen: mishale mitano mstari mmoja, mtu anajibu wa katikati unaelekea kushoto au kulia, na mine ya pembeni inaelekea upande uleule au wa kinyume. Haina kusoma, haina rangi, ina vitufe viwili tu. Programu ya PsychoPy ni ya bure na inaitengeneza bila shida. Panga hivi: majaribio 30 ya kubonyeza tu nukta inapotokea, ili ujue kasi ya mkono peke yake; kisha mazoezi 24 yenye kumwambia mtu amepata au amekosa; kisha duru nne za majaribio 48, na mapumziko ambayo mtu mwenyewe ndiye anayeamua yaishe lini. Vitufe viwe viwili vikubwa au vibao viwili vya kibodi vilivyobandikwa stika, vingine vyote vifunikwe. Mzee ambaye hajawahi kugusa kibodi hutazama chini kutafuta kitufe, na kila kutazama chini ni mamia ya milisekunde utakazompa kimakosa jina la umakini mdogo.

Usijaribu kukwepa vitufe kwa kutumia maikrofoni kabla hujajua kasoro yake. Kifaa cha kunasa sauti hukamata haraka neno linaloanza kwa mlipuko kama "bluu" na "kijani", lakini huchelewa kwa linaloanza kwa sauti laini ya puani kama "nyekundu" na "njano". Kikohozi na "mh" navyo huhesabiwa kuwa majibu. Ukilazimika, rekodi sauti yote na upime mwanzo wa kila neno mwenyewe.

Maelekezo nayo ni sehemu ya kipimo. Ratcliff na wenzake wameonyesha katika kazi kadhaa kwamba wazee hukusanya ushahidi mwingi zaidi kabla ya kujibu, hawapendi kukosea. Katika baadhi ya kazi hizo ubora wa ushahidi wenyewe haukuwa chini ya wa vijana, ila kizingiti cha kuamua ndicho kilichokuwa juu. Basi usiseme "jibu haraka na kwa usahihi" ukaishia hapo, kwa sababu kijana husikia "haraka" na mzee husikia "usahihi". Sema: "Bonyeza upesi kadiri unavyoweza. Ukikosea mara mojamoja si tatizo, endelea tu." Mwisho wa kila duru angalia makosa. Yakiwa chini ya asilimia 2, mwambie anaweza kuongeza kasi kidogo. Yakizidi 10, apunguze. Fanya vivyo hivyo kwa vijana. Usiliite zoezi "mtihani", na usimpe mzee maelekezo ukiwa umesimama kichwani pake. Msalimie, kaa naye, mweleze, mwache aulize.

Muda wa siku una uzito pia. May, Hasher na Stoltzfus walionyesha mwaka 1993 kwamba wazee wengi huwa katika ubora wao asubuhi na vijana wengi wa chuo jioni, na tofauti kati ya makundi hupanuka au kusinyaa kulingana na saa waliyopimwa. Kama uliwapima wazee saa 9 alasiri baada ya kumaliza vipindi vyako, umewapima wakiwa wamechoka. Wapime wazee saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Vijana wagawe nusu asubuhi na nusu mchana ili uweze kuangalia kama saa ina athari.

Uliza dawa, na ikiwezekana mzee aje na pakiti zake. Dawa za mafua na mzio zenye klofeniramini, ambazo watu huzinunua tu dukani kama Piriton, huleta usingizi na kupunguza kasi, amitriptilini vilevile. Andika kisukari, presha, kiharusi, sonona. Kwa kuwachuja wenye dalili za ugonjwa wa kusahau, epuka vipimo vinavyodai kuandika sentensi au kutoa saba saba kutoka mia, maana vinamwadhibu asiyesoma. Kipimo kifupi cha IDEA kilijaribiwa kwa wazee wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Kina maswali sita na sehemu moja hutumia njiti za kiberiti badala ya kalamu.

Usisahau masikio, hata kama kipimo chako ni cha macho, kwa sababu maelekezo unayatoa kwa mdomo. Uzee huondoa kwanza sauti za juu, zile zinazobeba s, f na th, na mzee huitikia "ndiyo" kwa heshima ilhali hakusikia nusu. Simama nyuma yake kwa urefu wa mkono, kama sentimita 60, nong'ona namba na herufi tatu, arudie. Kundi la Toronto la Schneider, Daneman na Murphy lilionyesha mwaka 2000 kwamba ukimrekebishia kila mtu sauti kulingana na usikivu wake, sehemu kubwa ya tofauti kati ya vijana na wazee katika kuelewa mazungumzo yenye kelele hutoweka. Lakini usiende mbali ukadai kwamba hisi zinaeleza kila kitu. Lindenberger na Baltes walikuta Berlin mwaka 1994, kwa watu wa miaka 70 hadi 103, kwamba kuona na kusikia kunaenda sambamba mno na akili. Walipokuja kuwapunguzia kuona na kusikia watu wa umri wa kati kwa vifaa, alama zao za akili hazikushuka. Huenda jicho na ubongo vinazeeka kwa chanzo kimoja.

Unaniuliza kama umakini umeshuka, nami ningekurudishia: umakini upi? Kitu chenye rangi ya pekee kikiwa kati ya vingi, mzee hukiona mara moja kama kijana. Akitafuta kitu kinachotambulika kwa mchanganyiko wa sifa mbili, kila kitu cha ziada kwenye skrini humgharimu muda mwingi zaidi. Kuvutwa na mwako wa ghafla pembeni hubaki imara. Katika kazi ndefu za kuchosha wazee huwa polepole lakini mara nyingi hukosea kidogo, na huripoti mawazo kuzurura mara chache kuliko vijana. Kinachodhoofika kwa kiwango kinachoonekana barabarani ni kutambua kitu cha katikati huku ukinasa kingine pembeni kwa muda mfupi sana. Owsley, Ball na wenzao waliwafuatilia madereva wazee 294 wa Alabama, Marekani, kwa miaka mitatu, wakaripoti mwaka 1998 kwamba wale ambao eneo wanaloweza kulinasa hivyo kwa mtazamo mmoja lilikuwa limepungua kwa asilimia 40 au zaidi walikuwa na uwezekano mara 2.2 wa kupata ajali kuliko wengine.

Yapo hata mambo ambayo mzee anamshinda kijana. Mwaka 2005 Betts na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster waliwaonyesha watu michirizi inayotembea. Michirizi ilipokuwa mikubwa na yenye utofauti mkali wa mwanga, wazee walihitaji muda mfupi kuliko vijana kujua inaelekea wapi, kwa sababu ule mfumo wa ubongo wa kijana unaokandamiza taarifa za mandharinyuma umelegea kwao. Huenda ulegevu wa namna hiyo ndio humfanya mzee asumbuliwe na vitu visivyohusika. Kila ninapoona sentensi "umakini hushuka uzeeni" naikumbuka michirizi hiyo.

Kuhusu idadi: watu 30 kwa kila kundi wanatosha kugundua tofauti ya mtawanyiko 0.74 hivi kwa uwezekano wa asilimia 80. Tofauti ya ukubwa wa kati, ya mtawanyiko 0.5, inataka 64 kila upande. Basi ukipata kwamba logi hazitofautiani, usiandike "hakuna tofauti". Toa uwiano wa Bayes (data zinaunga mkono kutokuwepo kwa tofauti mara ngapi kuliko kuwepo) au kipimo cha usawa (kinachopima kama tofauti ni ndogo kiasi cha kupuuzwa). Na kwa awamu ya pili tafuta vijana walioishia darasa la saba na kidato cha nne pia, ulinganishe kwa miaka ya shule, na ongeza kundi la miaka 40 hadi 59. Kundi hilo la kati litakuonyesha kama mabadiliko yanakwenda taratibu au yanaruka.

Hata ukiyarekebisha yote haya, neno "umeshuka" litabaki na kasoro. Umewapima watu mara moja. Schaie alianza kufuatilia watu Seattle mwaka 1956, akiwapima upya kila baada ya miaka saba, na ikaonekana kwamba kulinganisha vizazi siku moja huonyesha kushuka mapema na kwingi kuliko anavyoshuka mtu mmojammoja. Tumia "tofauti", taja umri, elimu na kipimo, na sema ilivyo kwenye milisekunde na ilivyo kwenye logi.

Jambo la mwisho ni la wajibu. Ukipima macho na masikio ya watu, utakuta matatizo. Mzee anayeshindwa chati mpe barua ya kwenda kliniki ya macho. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, na presha ya macho ikikaa bila dawa huchukua uoni usiorudi. Asiyesikia mnong'ono huenda ana nta tu inayotolewa kituo cha afya. Weka nauli yao kwenye bajeti ya utafiti tangu mwanzo, pamoja na namba ya simu ya kliniki uliyokwisha kuongea nayo.